Nachukia amapiano, lakini nilimwomba jirani aongeze sauti

Wakuu, hamjambo? Walio kazini poleni, walio nyumbani sogezeni kiti.

Ninachowaandikia kimenikuta mimi mwenyewe, hapa Kilifi, na chumvi sikutia. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri zaidi kuliko hii.

Kwanza mnijue. Ninafanya kazi reception kwenye hoteli moja kule Bofa. Kwetu asili ni Vitengeni. Na siipendi amapiano.

Sisemi "siipendi sana". Siipendi kabisa.

Kwangu mimi amapiano ni kama mgeni anayebisha hodi. Unamwambia karibu, haingii, anaendelea kubisha. Unangoja wimbo uanze. Unangoja weee. Ukija kushtuka umekwisha, na mwingine umeanza kubisha.

Hotelini kila Jumapili mchana DJ anawasha mitambo kando ya pool. Wageni wanafurahi, wanamwaga vinywaji, wanapiga selfie. Mimi niko kaunta natabasamu, huku ile ngoma ya chini wanayoiita log drum inanitetemesha mpaka meno.

Sasa nirudi nyumbani nipumzike, si ndiyo?

Ukuta kwa ukuta na nyumba yangu kuna saluni ya dada mmoja anaitwa Akinyi, amehamia hapa kutoka Kisumu. Akinyi anasuka vizuri, ana heshima zake, na ana spika kubwa kuliko saluni yenyewe. Amapiano asubuhi mpaka jioni.

Nilikwenda kulalamika. Nikarudi tena. Mara ya mwisho nilikwenda na landlord.

Akinyi akapunguza, ila tangu siku hiyo tukisalimiana ni kwa kichwa tu. Mke wangu Sidi, ambaye husukwa pale, alinijia juu.

"Umenikosanisha na msusi wangu. Wajua ilivyo kazi kupata msusi mwenye mkono mwepesi?"

Mimi nilikuwa nafaidi utulivu.

Basi, ndipo mama akaugua.

Mama yangu ni mkulima kule Vitengeni. Ni mtu wa kuamka na jembe, na kanisani yeye ndiye huanzisha nyimbo. Stroke ikampiga upande wa kulia. Alipotoka hospitali tukamleta kwetu Kilifi, ili awe karibu na daktari wa mazoezi.

Daktari alitueleza wazi: mguu ufanyishwe kazi kila siku. Akilala tu, mguu utasahau kutembea.

Mama akakataa. Si kwa sababu ya maumivu. Alikuwa amekata tamaa. Nikimshika mguu ananiambia kwa ule ulimi wake mzito, "Karisa, mguu huu umekufa. Usisumbue maiti."

Wakuu, kumsikia mama aliyekulea akisema hivyo, tena kwa upole, ni jambo jingine. Nilikuwa natoka nje najifanya naongea na simu.

Daktari akasema tujaribu muziki. Nikasema hapo mmemfikia mwenyewe, maana muziki mzuri naujua.

Nikamwekea nyimbo za kanisani. Akafumba macho. "Hizi ni za kusikiza nimetulia. Wataka nimchezee Mungu kwa mguu mmoja?"

Nikamwekea ngoma zetu za Kigiriama, kayamba zinalia vizuri. Machozi yakamtoka. "Hii nilikuwa naicheza mimi. Zima."

Nikamwekea taarab ya zamani, ile ninayoipenda mimi. Akalala fofofo.

Siku moja niko off, Sidi anamlisha mama uji, ghafla kule saluni sauti ikapanda. Nadhani kuna mteja aliomba. Ukuta ukaanza kubishiwa hodi. Nikainuka kwa hasira, nakwenda kumaliza mambo.

"Baba Neema, rudi," Sidi akaniita kwa sauti ya chini. "Tazama."

Kwenye ncha ya leso aliyojifunika mama, kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinapanda na kushuka. Kinafuata ngoma. Mama mwenyewe alikuwa anakitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani aliyeingia shambani kwake.

"Ni nani huyo aimbaye?" akauliza.

"Haimbi mtu, mama. Ni kelele tu."

"Basi iache hiyo kelele."

Mara Akinyi akakumbuka kuwa anaishi jirani na mimi. Akapunguza. Kidole kikasimama.

Sidi akanitazama. Wenye wake mnaijua hiyo lugha.

Nikaenda saluni. Wateja wamekaa, vichwa vimesukwa nusu nusu. Kabla sijafungua mdomo Akinyi akainua mikono.

"Nishapunguza, Baba Neema! Si nishapunguza?"

"Sikuja kwa hilo. Nimekuja kuomba... uongeze."

Akinyi akashusha mikono.

"Ati niongeze? Unanichezea?"

Nikamweleza habari ya mama, pale pale mbele ya wateja. Akinyi akajifuta mafuta mikononi, akafungua sauti mpaka mwisho, akamwacha mteja wake na chanuo kichwani, akaja nami nyumbani.

"Shikamoo mama," akasema, akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mguu.

"Marahaba, mwanangu," mama akamjibu. "Wewe ndiye mwenye kelele?"

"Ndiyo mama, ni mimi."

"Nzuri."

Kuanzia hapo alasiri ikifika Akinyi anatuwekea spika barazani. Kwanza mama alisogeza mguu akiwa amekaa. Kisha akasimama. Aliposimama akahitaji mtu wa kumshika mikono yote miwili, wahesabu hatua pamoja kwa mdundo. Sidi ni mfupi. Mtu huyo akawa mimi.

Ndiyo, wakuu. Nimecheza amapiano barazani kwangu, na uniform ya hoteli, huku majirani walewale walioniona nikija na landlord wakipita taratibu ili waone vizuri.

Nilijaribu kumdanganya kidogo. Nikaweka rumba, yenye mwendo uleule. Mama akasimama katikati ya hatua.

"Hii siyo ile."

"Mama, mapigo si ni yale yale?"

"Karisa, mimi nimeugua mguu. Masikio sikuugua."

Nikarudisha.

Sasa kuna siku nilitoka kazini nikakuta kitanda kitupu. Sidi amekwenda sokoni. Nikaita, kimya. Choo, hakuna. Jikoni, hakuna. Nikatoka nje nikimwita kwa sauti kama mtoto aliyepotea.

Akinyi akachungulia mlangoni, akaniashiria nije.

Mama alikuwa saluni. Amesimama. Mkono mmoja ameshika kiti, bega linachezacheza kidogo, wanawake wanampigia makofi. Alikuwa ametoka nyumbani peke yake, akishika ukuta, hatua kwa hatua.

"Nimechoka kuletewa," akaniambia. "Nimekuja mwenyewe."

Nikasimama pale mlangoni na spika inanipiga kifuani, machozi yakanishuka hadharani. Sikuweza kuyazuia wala sikujaribu.

Mteja mmoja asiyenijua akamgusa mwenzake. "Waona huyu kaka anavyoipenda amapiano? Mpaka analia!"

Sikumsahihisha.

Funzo nililopata ni dogo tu. Unapomuuguza mtu, dawa haiulizi kama wewe muuguzaji unaipenda. Mama sasa amerudi Vitengeni, anatembea na mkongojo, anasimamia shamba lake na kugombana na kuku.

Mimi bado siipendi amapiano. Nimeisikiliza kwa karibu kuliko wengi wenu, na nasema kwa ujuzi kamili: siipendi.

Aliyewahi kuuguza mtu wa stroke nyumbani atueleze kilichomsaidia, huenda kuna mtu humu anahitaji leo. Na mnaotaka kunitumia mix ili nibadilike, ahsanteni, msijisumbue.