Kuku Saba wa Akheri

Fundi wa intaneti alizigonga kuta za fleti mpya ya Anisha pale Lemara kwa kifundo cha kidole, sikio kalibandika ukutani, akitafuta bomba la waya ambalo wapiga plasta walilifukia. Kila akigonga alisema taratibu, "Tulia, dada." Anisha, mwenye usaili wa kazi kwa video saa nne kamili, hakujua anayeambiwa ni yeye au ukuta.

Saa nne kasorobo taa ya kijani ya kisanduku cha intaneti ikawaka. Anisha akaivuta kompyuta yake, fundi akamzuia kwa kiganja chenye vumbi la saruji. Yeye haamini taa. Humpigia mama yake aliye kijijini Akheri kwa video, akahesabu kuku wanaoparura nyuma yake. Wakionekana wote saba, laini ni nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umehama tena?" Mama akaukaribia uso wa simu, akaikagua sebule, akamkagua na Anisha. "Nyumba hii ni nzuri kuliko ya jana, mwanangu. Safari hii tulia. Na huyo dada usimwache kama wale wengine."

Fundi akakohoa.

"Kuku saba," akamwambia Anisha bila kumtazama. "Laini ni nzima."