Baba na Diski D

Diski C ya kompyuta ya duka langu pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, ilijaa. Kwa haraka zangu nikaikata folda nzima ya programu ya kuhariri picha, nikaibandika diski D, kama mtu anayehamisha kabati. Programu ikagoma kufunguka. Kila faili lilikuwepo, ila yenyewe iling'ang'ania kutafuta kulekule C. Nikatukana, nikaifuta, nikaiweka upya D, ikafunguka.

Nikatoka uani. Baba alikuwa mvuani tena. Mama alipofariki nilimhamishia hapa kutoka kijijini Lupepo, pamoja na kitanda chake, blanketi, hata kigoda, kisibaki kitu. Alikuwa anauzunguka ukuta, amekumbatia majani ya migomba ya kulishia, akitafuta zizi la ng'ombe wake.