Kabati, Ukuta na Makorongo ya Utah

Binti yangu aliponiambia kwamba tunakwenda Marekani, jangwa la Utah, kutembea na kiongozi ndani ya makorongo, nilimkumbatia, nikamshukuru, kisha nikajifanya nina shughuli jikoni. Huko jikoni nikafungua picha alizonitumia. Kuta za mawe mekundu zimesimama pande mbili, anga juu limebaki uzi tu, na katikati watu wanapita ubavu ubavu, mikoba wameishika mkononi. Wote wanacheka. Nikasema moyoni, hawa wana wazimu.

Naishi ghorofa ya nane, mtaa wa Castle Vale, huku kwa Waingereza. Miaka mitatu iliyopita lifti ya jengo letu ilikwama nikiwa ndani peke yangu, zaidi ya saa nzima. Tangu siku ile sijaingia lifti yoyote. Napanda ngazi na mifuko ya sokoni, nashuka ngazi na nguo za kufua. Kanisani walipoona hivyo wakaniuliza, nami nikajibu kwamba nafanya mazoezi. Wakaniamini. Kina mama wa kwaya wakanifanya mfano wa kuigwa, na mchungaji akanitaja mbele ya waumini wote. Kusema kweli mwili ulipungua, magoti yakapata nguvu, nami nikazidi kuringa. Binti yangu naye aliamini. “Mum, wewe una nguvu kuliko mimi,” alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. “Hii safari utaipenda.”

Ningeweza kumwambia ukweli hapo hapo. Lakini ilikuwa safari yetu ya kwanza ya mapumziko tangu azaliwe, na baada yake alikuwa anahamia Australia kikazi. Utoto wake wote mimi nilikuwa kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kwa sababu simu ya kazini ikilia mimi husema ndiyo. Sasa mtoto amenipa siku sita zake, halafu nimwambie mama yako anaogopa kuta? Fomu ya kiongozi ilipofika, swali la tisa liliuliza kama napata hofu sehemu nyembamba. Nikatia alama kwenye “Hapana”. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mtu mmoja tu alijua siri yangu, jirani yangu, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu, mjane wa miaka karibu themanini. Siku ya lifti ndiye aliyesikia kelele zangu. Alileta kigoda, akakaa nje ya ule mlango wa chuma, akanisimulia kwa Kiswahili vitambaa vyote vilivyokuwa dukani kwa baba yake, kimoja baada ya kingine, mpaka mafundi wakafika. Sijui ningekuwaje bila yeye. Namshukuru kila nikipita mlangoni kwake, hata asiponisikia.

Basi nikampelekea maelezo ya safari.

“Shikamoo, mama.”

“Kisumu sisi hatukusema shikamoo,” alinijibu, kama kawaida yake. “Kaa, kunywa chai. Nini mbaya?”

Nikamsomea. Kiongozi alikuwa ameandika kwamba mahali pembamba kabisa pana sentimita thelathini. Yule mama akatoa futikamba kwenye droo, akalitazama kabati lake la nguo, akaweka kikombe chini.

“Hii kabati tunasukuma.”

Tukalisukuma wanawake wawili, mmoja ana mgongo mbovu na mwingine ana moyo wa woga, mpaka kati ya kabati na ukuta pakabaki sentimita thelathini kamili. Nyuma yake tulikuta vumbi la miaka na ndala moja.

Siku ya kwanza nilitia bega, nikatoa bega. Hakucheka. Siku ya tatu nilitia kichwa, jasho likanitoka, nikasingizia joto la chumba. Wiki ya pili kifua kilipita, ila makalio yalikuwa na maoni yake. Kila mara yeye alikaa upande wa pili na chai yake, akiongea polepole. “Usikimbie. Leo tunafungua vitambaa ya harusi. Hii nyekundu, hii ya dhahabu. Pumua.” Nikapumua. Wiki ya tatu nilipita kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nikatokea upande wake na utando wa buibui kwenye nywele, nikamkumbatia karibu nimvunje mbavu.

Maandalizi mengine yalikuwa mchezo. Viatu mimi na binti yangu tulinunua madukani Northfield, nikavivaa kazini ili vilainike, na bibi mmoja ninayemhudumia akaniuliza kama nimeandikishwa jeshini. Nilitembea kando ya mfereji nimebeba chupa za maji mgongoni, bata wakinitazama kwa mashaka. Nikaanza kuamini kwamba nimeshinda, na hakuna atakayejua.

Ndipo siku moja yule mama akasimama. “Sasa wewe pita. Mimi naenda jikoni.” Akafunga mlango.

Chumba kikawa kimya. Nilifika katikati, basi. Kabati likanisogelea, ukuta ukanisogelea, pumzi ikakatika. Sijui nilitokaje. Nilijikuta sakafuni, ngozi ya kiwiko imechubuka, nalia. Alirudi akaketi chini pamoja nami, na magoti yake yale ya uzee.

“Utah mimi siko,” alisema. “Mwambie mtoto.”

Mimi ndiye ninayewaambia wenzangu kila siku kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kumbe kilichokuwa kinanivusha wiki zote zile si ujasiri. Ni kwamba palikuwa na mtu pale aliyejua naogopa.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, tulikutana na kiongozi kwa video. Mwanamke wa makamo, uso umeiva kwa jua, sauti ya taratibu. Binti yangu alikaa ubavuni mwangu kwenye sofa, akamwambia kwa majivuno kwamba mama yake ni mashine, hupanda ghorofa nane kila siku. Kiongozi akatabasamu, akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema kwamba swali la tisa nilidanganya. Nikaeleza lifti, ngazi, kabati, vyote.

Kiongozi hakunigombeza. Alinishukuru, akasema kabla ya pale pembamba pana ngazi ya kutokea juu, ataniacha niamue nikifika. Akauliza ni nani ningependa awe nyuma yangu.

Nikageuka, nikaona binti yangu ananitazama. Mtoto huyu hunielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza tangu alipoanza shule.

“Miaka mitatu, Mama?” alisema, kwa Kiswahili.

“Nilidhani ukijua, hutataka kwenda na mimi.”

Akafuta macho kwa mkono wa sweta. Nilijiandaa kwa hasira, kwa kuwa hasira anayo, kairithi kwangu.

“Mama, mimi hata sipendi kutembea milimani,” alisema, akitafuta neno moja moja. “Nilitafuta mahali hakuna network. Kazini wasiweze kukupigia.”

Nilimshika tu ule mkono uliolowa, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba mtoto hajachelewa kunitafuta, na mimi sijachelewa kupatikana. Kiongozi alikuwa bado anangoja. Binti yangu akageukia skrini, akamwambia kwamba nyuma ya mama atakaa yeye.