Firewall iliyozuia barua ya mama, Mpanda miaka ya tisini

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi nimeona jamaa humu analalamika kompyuta zake mbili za nyumbani hazionani, na wachangiaji wote wanamwambia azime firewall. Nilitaka kumjibu pale pale ila jibu langu ni refu, ndiyo maana nimelianzishia uzi wake. Sitaongeza chumvi. Sehemu ninazoonekana mjinga nimeziacha kama zilivyo.

Ilikuwa Mpanda, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeajiriwa na shirika moja la misaada. Walipofunga ofisi wakatugawia vifaa chakavu, nikaondoka na kompyuta mbili za Windows 98 na printa moja. Majirani walikuja kuziangalia kama wanakuja kuona mtoto mchanga.

Moja niliiweka sebuleni. Ya pili, pamoja na printa, nikaiweka chumbani kwangu uani.

Ya sebuleni ilitekwa na mama.

Mama alikimbia Burundi akiwa msichana, akaolewa huku, akalima mahindi Kabungu mpaka mgongo ukagoma. Baba alibaki shamba, mama akaja kukaa na mimi mjini. Shule hakwenda. Lakini mchezo wa karata wa kwenye kompyuta alitushinda wote. Anavaa miwani, anashika mouse kwa mikono miwili, na ole wako umsemeshe.

Sasa tatizo lenyewe.

Padre mmoja wa Magamba alikuwa anasafiri kwenda Burundi, akakubali kubeba barua ya mama. Ilikuwa na majina ya ndugu aliowaacha kule, kila mmoja na kilima alichokuwa anaishi, maana kule kilima ndiyo kama kijiji, ili parokia za kule zimsaidie kujua nani yupo hai. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akiulizia ndugu zake. Alikaa wiki tatu akimtajia mdogo wangu Imelda, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye Imelda akichapa kwenye kompyuta ya sebuleni. Zikafika kurasa tisa.

Padre alikuwa anaondoka na treni ya Jumatano. Jumatatu nikataka kuprinti. Floppy drive ya sebuleni, ambayo ningehamishia barua, ikagoma. Vumbi la Mpanda mnalijua.

Najua kuna mtu atauliza kwa nini sikuhamisha printa. Driver ilikuwa kwenye mashine ya chumbani tu, na floppy za kuiwekea upya zilishaharibika. Kuchapa kurasa tisa upya, tena majina ya Kirundi, kwa umeme wa jenereta unaokuja saa chache kwa siku, haikuwezekana.

Nikaamua kuziunganisha kwa kebo. Network card zilikuwemo tangu ofisini. Kebo nikaipitisha dirishani, ikakatiza ua, kuku wakaanza kuidonoa.

Nikaweka IP, nikaweka workgroup moja, nikawasha sharing. Nikakaa chumbani, nikajaribu kuifungua mashine ya sebuleni.

Kimya.

Nikaping. Request timed out. Nikabadilisha workgroup, nikazima na kuwasha, nikachomoa kebo nikachomeka tena. Jumatatu ikaisha hivyo.

Jumanne nikaamkia hapo hapo. Kila nikijaribu, naenda sebuleni kuangalia, namkuta mama na karata zake. Nikamuuliza kama kuna kitu kimetokea kwenye kioo.

"Salama tu," akasema. "Hakuna aliyeingia."

Nikadhani anaongelea mlango wa nyumba.

Mchana ndipo nilipoona alama ndogo pembeni ya saa, chini kwenye kioo. Nikaifungua. Ilikuwa program ya firewall, wenzetu wa ofisini waliiacha humo. Wakuu, hebu fikirieni, nyumba nzima haijawahi kuona internet, lakini tunalindwa dhidi ya internet!

Ndani yake kulikuwa na orodha. Block, block, block, mistari kumi na tisa. Yote ina IP ya mashine yangu ya chumbani.

Nikapandwa na hasira. Imelda alikuwa amerudi kula, nikaanza kumfokea kwamba amechezea kitu asichokijua na treni ni kesho.

"Ni mimi," mama akasema bila kugeuka. "Unamgombeza bure."

Ikawa hivi. Nilipobisha mara ya kwanza kutoka chumbani, kiboksi kilimtokea mama katikati ya karata zake. Akamuuliza Imelda kinasema nini. Imelda akamwambia kuna mtu anataka kuingia, kinauliza aruhusiwe au asiruhusiwe.

"Mtu gani?"

"Hakimtaji, mama, kinaonyesha namba tu."

"Oya," mama akasema, yaani hapana kwa Kirundi, na Imelda akamwonyesha pa kubonyeza. Kuanzia hapo, kila nilipobadilisha kitu na kubisha upya, mama alikuwa ananikatalia sebuleni.

"Mama, aliyekuwa anabisha ni mimi."

"Ungejitaja."

Mimi na Imelda tukacheka. Mama hakucheka. Akaiacha mouse.

"Nyie mnacheka," akasema. "Kwetu walibisha watu. Mimi ndiyo nilikwenda mlangoni. Wakaniuliza vizuri tu, kaka yako Salvatori yupo? Nikasema yupo, amelala."

Akavua miwani.

"Hawakusema wao ni nani, na mimi sikuwauliza. Wakaondoka naye."

 Tangu utoto tulikuwa tunamtania mama kwa tabia moja. Mtu akija Kabungu kumuulizia baba, mama anamwambia hayupo, na baba anamsikia akiwa jikoni anakula ugali. Mpaka mgeni ajitaje jina, mtoto wa nani, ametumwa na nani, ndipo baba "anarudi". Tuliona ni ubishi wa wazee. Niliona aibu kwa miaka yote niliyomcheka.

Firewall sikuizima. Ningeweza, ilikuwa ni kubonyeza mara moja tu. Nikafuta ile mistari kumi na tisa, nikaenda chumbani, nikapaza sauti uani.

"Mama, ni mimi Leonidasi, nabisha!"

"Haya, bisha!"

Imelda akamwonyesha kitufe cha kuruhusu. Akabonyeza mwenyewe. Folda ikafunguka, barua ikaja, printa ikaanza kelele zake.

Nikawa naisoma inavyotoka. Kurasa zote tisa, Salvatori hakuwemo.

Nikaenda kumuuliza mama kama tumwongeze.  Akamwambia Imelda aandike, chini kabisa, jina na kilima. Tukaprinti ukurasa wa tisa upya, na Jumatano nikampa padre barua kituoni.

Majibu yalikuja baada ya miezi mingi. Shangazi yake mmoja yupo hai, na binamu zake wawili. Mama alilia kwa furaha. Pembeni ya Salvatori waliandika kwamba hakuonekana tena.

Mama akaniuliza kitu kimoja tu, kama wameandika nani aliyewaambia wale watu kuwa yupo.

Nikamwambia hapana mama, hawakuandika. Akashukuru.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kabla hujazima ulinzi wa mtu, jua kwanza nani aliyesema hapana, na kwa nini. Mimi nilihangaika na kebo siku mbili wakati jibu limekaa sebuleni limevaa miwani.

Kwa jamaa wa ule uzi: usizime yote. Fungua orodha ya rules, tafuta palipoandikwa block kwa IP ya mashine yako nyingine, ruhusu hiyo peke yake. Halafu waulize watu wa nyumbani kwako.

Mnaojua haya mambo kuliko mimi nisahihisheni, na mwenye mzazi wa aina hii naye aseme, nitasoma zote.

Mama bado yupo. Sasa ana simu janja, na kila app ikimuomba ruhusa anakataa, mpaka picha za wajukuu hazifunguki. Wajukuu wanalalamika kwangu. Nimewaambia wakae naye, wamweleze kila anayebisha ni nani, hata ikichukua siku nzima.