Kuba la Fundi Mkuu wa Kewanja

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya uashi, pale misheni, Fundi Mkuu alinipa timazi, ule uzi wenye chuma unaopima wima wa ukuta. "Mwita, huu haupokei chai. Ukuta ukilala, utasema." Mimi niliyezoea kupatana mnadani nikajua nimepata mtu asiyepunguza.

Padri msimamizi alikuwa na picha ya kuba la kanisa la Florensi. Alitueleza kwamba aliyelijenga alianza na ufuaji dhahabu na uchongaji, kisha akalipandisha bila boksi, zile mbao za kushikilia matofali mpaka yashikane. Fundi Mkuu aliitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Huyo alikuwa Mkurya," alisema. "Hakuomba ruhusa."

Akajaribu kijijini kwetu Kewanja, kwenye nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa msonge kama za babu zetu, ila badala ya nyasi alipandisha kuba la tofali za kuchoma. Kila kozi, yaani mstari wa tofali, ilifunga duara ikajishikilia. Mlangoni akasimamisha nguzo mbili za jiwe laini walilomletea shemeji zake wa Kisii, akachonga ng'ombe wenye nundu. Hapohapo kijijini tulijenga zahanati, kisha shule. Kila tulipopata nafasi, tuliongeza kozi nyumbani kwake.

Kisha dhahabu ikaita. Mgodi ulihitaji eneo, na kijiji kikaingia kwenye tegesha: vibanda visivyo na msingi, vinavyosimamishwa haraka ili vihesabiwe kwenye fidia. Ukienda kuchota maji, ukirudi una jirani mpya. Waliohamia humo ni mbuzi tu.

Mthamini, kijana mwenye kofia ngumu, akafika.

"Shikamoo mzee. Kuba hili la lini?"

"Marahaba. La tangu nina meno."

"Mbona saruji ya juu ni mbichi?"

Kweli, kozi ya mwisho tulikuwa tumeifunga mwezi uleule.

"Chimba uone msingi," nikamwambia.

"Wote mnasema hivyo. Nani ajenge kitu kama hiki Kewanja, kama hategeshi?"

Akachora msalaba mwekundu juu ya ng'ombe wa nguzoni: nyumba haihesabiwi. Nikaanza, "Bwana mkubwa, hebu tuelewane..." Fundi Mkuu akanishika mkono. "Acha, Mwita. Timazi haibembelezi mtu."

Siku ya kubomoa, tingatinga liligusa vibanda, vikalala. Kwenye kuba lilisukuma, likarudi nyuma, likasukuma tena. Dereva akashuka kuangalia kama kuna kitu kimevunjika kwenye mashine. Mpaka jua la utosi ndipo kuba likaanguka. Mthamini alisimama kando, kofia mkononi.

"Mwanangu," Fundi Mkuu akamwambia, "sasa umeupima msingi?"

Fundi Mkuu hakushika mwiko tena. Alipofariki, tulimzika Sirari, kwa mdogo wake.

Zahanati na shule nazo zilimezwa na uzio wa mgodi. Vijana wakiniuliza kazi zetu ziko wapi, nawaonyesha upande lilipo shimo. Mimi nimestaafu, nimepanga chumba mjini Mugumu, na timazi ile nimeitundika mlangoni. Ukuta umelala. Uzi unasema kila siku. Mwenye nyumba hasikii.