Aliyenitaka Nimwamkie

Wanaotaka kucheka wacheke sasa hivi, wamalize. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, kibarazani kwangu hapa Bagamoyo, na Mungu ananiona.

Mjukuu wangu Tatu, niliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa akijitengenezea mkufu wa harusi yake. Vipete vidogo vya waya, kila kimoja kimepita ndani ya vinne. Homa ikamwangusha. Hospitali tulikwenda, kombe la aya za Kurani akanywa, wapi! Kila akizinduka anaulizia mkufu. Nikamwambia, "Tulia mama, nitaumalizia mimi." Mimi! Hata sindano siku hizi natungiwa uzi.

Akanifundisha akiwa kitandani. "Bibi, usikipanue kipete kama mdomo. Kipindishe, plaizi moja mbele, moja nyuma." Vyangu vikabaki na mianya, vikapukutika.

Magharibi kila mwenye akili huingia ndani. Siku ile nikabaki nje nahangaika na plaizi, machozi yananitoka. Akaja binti mzuri, rika la Tatu, akakaa mkekani bila hodi wala shikamoo.

"Kwenu hamfundishwi adabu?" nikamuuliza.

Akacheka. "Nikuamkie wewe? Bibi ya bibi yako nimemwona akitambaa. Niamkie wewe."

Akachukua kipete, akakifunga kwa vidole vitupu. Mwanya hauonekani! Ningekimbia, lakini ndani Tatu alikuwa akikoroma ule mkoromo wa mwisho, mnaujua.

"Nikiumaliza atainuka," akasema. "Niamkie."

Wewe ungefanyaje? Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Basi yule wa ndani ni kilembwe changu."

Sikumwona alivyoondoka. Mkufu nikaukuta shingoni mwa Tatu, hauna mwanzo wala kifungo, naye amekaa kitako anaomba uji. Nililia kwa furaha, niaminini. Furaha ya usiku mmoja.

Tangu hapo Tatu haniamkii. Asubuhi hunitazama tu, anangoja. Nikinyamaza, homa inampanda. Plaizi tumezijaribu kwenye mkufu ule, zinateleza. Mchumba kaghairi. Basi kila kukicha mimi, ajuza mzima, napiga goti mbele ya mtoto niliyemwogesha: "Shikamoo." Na sauti inayoitikia marahaba si yake.

Kijana asiyekuamkia akikutaka umwamkie, mfukuze. Mfukuze hata kama mgonjwa wako anakata roho. Mimi nilishindwa.