Mahindi ya Mzee Rono

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa ghala la nafaka mjini Eldoret alinikabidhi bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa kwenye gunia ili kutoa punje bila kulifungua.

"Odhiambo, usipime magunia ya juu tu," akaniambia. "Hayo ndiyo mkulima anataka uyaone."

Nilikuwa nimetoka upande wa Ziwa Victoria, na mahindi niliyajua yakiwa kwenye sahani. Nikajifunza. Punje kavu ukiiuma inalia, mbichi inabonyea. Baadaye tuliletewa mashine ya kupima unyevu, lakini Meneja alitaka tuume kwanza. Mahindi mabichi yakiwekwa ghalani hupata joto, yakaota ukungu, na ukungu huo ni sumu.

Nilihamishiwa Kesses, kisha nikapandishwa cheo kuwa Mkaguzi wa depo ndogo kule Ziwa, mji mdogo usio mbali na Eldoret. Huko ndiko mimi na mke wangu, Mama Akinyi, tulikolea watoto wanne, na huko ndiko nilikochaguliwa mzee wa kanisa pamoja na mkulima mmoja, Mzee Rono. Kila Jumapili tuliketi benchi moja.

Mwaka mmoja mvua iliwakuta wakulima wakivuna. Rono akaja na trela imejaa. Nikachoma bambo, nikauma. Mabichi. Mashine nayo ikasema hivyo hivyo.

"Mzee mwenzangu," akasema kwa sauti ya chini, "si unanijua?"

"Nakujua. Lakini haya siwezi kuyapitisha. Yatadhuru watu."

Akageuza trekta bila kuniaga. Jumapili iliyofuata aliketi nyuma kabisa.

Nilikosa raha. Mama Akinyi akaniuliza, "Umekataa, sawa. Sasa yaozee kwake?"

Nikaomba likizo. Tukaenda kwa Rono na watoto wetu, tumebeba maturubai ya kuazima. Alitutazama kutoka mlangoni mpaka mkewe akatoka na chai. Tukaanika, tukageuza, wingu likitokea tunakimbia kufunika. Siku ya nne Rono aliuma punje, akacheka. "Imelia!"

Aliporudi depo sikumpimia mimi. Nilimwomba mwenzangu, Mama Wanjiru, apime. Yakapita. Jumapili Rono akarudi kwenye benchi letu, akanisukuma kwa bega nisogee.

Sasa nimestaafu, nina wajukuu, na vijana wa kanisa huniuliza kama mtu anaweza kufanya kazi kwa haki na bado abaki na marafiki. Siwadanganyi. Wako watu wa Ziwa ambao hawanisalimii mpaka leo, na inaniuma. Ila juzi Rono alinipigia simu. Macho yake yamepungua nguvu, na amevuna.

"Njoo uyaangalie kabla sijayapeleka," akasema. "Ukisema bado, nangoja."